Birika Lililobonyea: Mjadala wa Kahawa kwenye Fulana

Mikindani, baada ya swala ya Alasiri, jua linapoanza kuliachia Boma la Wajerumani kule kilimani, wanaume hutoka msikitini mmoja mmoja na kusikia vikombe vikigonganishwa. Muuza kahawa haiti mtu. Vikombe vinamtosha.

Mjadala huu nimeuweka kwenye kijiwe cha namna hiyo, chini ya mwembe, kwa sababu ndipo mahali pake. Wanaozungumza ni wanne, nami nimewatunga kutokana na hoja ninazozisikia kila nikikaa na vijana wanaochora kwa kompyuta huku kusini. Mchoraji ni binti aliyemaliza chuo. Ajira hana, ila ana kompyuta ya mtumba na mkono mzuri. Mchapaji ana duka Mtwara mjini, anachapa fulana za harusi, za timu, za misiba na za kampeni. Mwalimu amestaafu, alifundisha sanaa na kazi za mikono, na huyo Mchapaji alipita mikononi mwake. Mzee ndiye mwenye birika. Mimi nitaingilia pale nitakaposhindwa kunyamaza.

MCHORAJI: Shikamoo, Babu. Shikamoo, Mwalimu.

MZEE: Marahaba, mjukuu wangu. Sogea. Kashata ipo.

MCHORAJI: Nimekuja muione kazi. Kaka anasema itauzika, mimi moyo unasita.

Akageuza simu. Duara jeusi, katikati kikombe kikubwa kinachofuka moshi, chini yake vijiko viwili vimepishana, juu maneno ya Kiingereza yanayosema tangu 1950. Mchoro mzima umekwaruzwakwaruzwa.

MZEE: Mbona kimechubuka hivyo?

MCHORAJI: Ndio mtindo, Babu. Wa kizamani. Fulana inachapwa mpya, lakini picha inaonekana kama imefuliwa miaka ishirini.

MZEE: Na hiyo 1950, nani alikuwepo?

MCHORAJI: Hakuna. Ni mapambo tu.

MCHAPAJI: Mzee wangu, ndivyo wanavyotaka wanunuzi. Mtu wa Chicago anaandika kahawa, anaandika kizamani, zinamjia picha elfu. Anachagua anachokijua. Birika lako halijui.

Biashara yenyewe haina uchawi. Mchoraji hupandisha mchoro wake kwenye tovuti kama Redbubble au Amazon bila kununua fulana hata moja. Mtu akiagiza, awe Ohio au Hamburg, fulana ile moja huchapwa kwenye kiwanda cha huko na kutumwa kwake, na mchoraji hupata mgawo wake. Amazon wanataka faili la pikseli 4,500 kwa 5,400, nyuma ya mchoro pakiwa wazi. Mtaji wote ni mchoro. Mkoa huu unaishi kwa msimu wa korosho. Msimu ukiisha, fedha nazo zimekwisha. Kijana aliyeona mlango wa namna hii hastahili kukatishwa tamaa, na nataka hilo lieleweke kabla sijaanza kumpinga Mchapaji.

MWALIMU: Mwanangu, mimi sina ugomvi na biashara. Nauliza jambo moja: huo uzamani ni wa nani?

MCHAPAJI: Uzamani ni uzamani, Mwalimu. Zipo picha kuukuu za kahawa zilizoisha muda wa hakimiliki, unachukua bure.

MWALIMU: Umeziangalia? Kampuni ya Julius Meinl ya Vienna tangu 1924 imetumia kichwa cha mtoto mwenye kofia nyekundu ya tarabushi, mtumishi wa kuleta kahawa. Ujerumani kahawa, kakao na viungo viliitwa Kolonialwaren, yaani bidhaa za makoloni. Nenda kwenye mabango ya nyakati zile umtafute mtu mweusi. Utamkuta amebeba gunia au amebeba sinia. Ukimkuta amekaa, kikombe mkononi, anakunywa na wenzake, niletee nami nimwone.

MZEE: Hapa tunakunywa.

MWALIMU: Ndiyo maana nasema. Ukichukua uzamani wa bure bila kuuliza, unachukua na nafasi uliyopangiwa ndani yake.

Hoja hii ya Mwalimu nimeibeba muda mrefu. Kijana wa Mtwara anapojifunza kuchora kizamani, hufundishwa kukumbuka mambo ya watu wengine: mkahawa wa barabarani Marekani, kikombe kizito chenye mkono, bati lenye kutu ukutani. Kumbukumbu hizo ni nzuri kwa wenye nazo. Yeye akizikopa, mchoro wake unakuwa wa elfu moja na moja kwenye foleni ya wale waliozaliwa nazo, na lazima atakuwa nyuma.

MCHAPAJI: Sawa, basi tuweke ya hapa. Maandishi ya mviringo: Mikindani 1895. Mwaka halisi, si wa kubuni.

MWALIMU: 1895 ni mwaka Wajerumani walipojenga Boma lile. Mji ulikuwepo. Livingstone alipoteremka hapa mwaka 1866 kuanza safari yake ya mwisho ya bara, aliteremkia mjini. Watu wamefanya biashara kwenye ghuba hii karne nyingi, na biashara ya watumwa ilikuwemo. Sasa binti huyu akiandika 1895 kifuani mwa mtu, anasema mji umezaliwa siku mkoloni alipojenga Boma.

MCHAPAJI: Kwa hiyo mwaka gani?

MZEE: Mimi miaka sihesabu. Niulize saa.

Binti aliandika kitu kwenye daftari lake hapo. Tutarudi.

MCHAPAJI: Kuna jambo jingine hamlisemi. Mtwara si nchi ya kahawa. Mkulima wa huku ana mkorosho. Tukiuza fulana za kahawa kwa jina la Mtwara, si uongo huo?

MZEE: Kahawa hii inatoka Mbinga. Wamatengo wanalima, sisi tunakunywa. Kwani aliyekuambia kahawa ni ya anayelima peke yake ni nani?

Mzee yuko sawa, na ramani inamuunga mkono. Mto Ruvuma unaanzia Milima ya Matogoro, nje kidogo ya Songea, ndani ya mkoa unaobeba jina lake, na Mbinga imo humo. Kisha unateremka, unakuwa mpaka wetu na Msumbiji, na kumalizikia kwenye mikoko kusini mwa Msimbati, ambako tangu mwaka 2000 ni Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Juu wanapanda mibuni kwenye miteremko, chini wanakaa barazani na vikombe. Mchoro wa kahawa wa pwani hauhitaji shamba. Unahitaji baraza.

Lipo na jingine. Kahawa ya Tanzania kwa sehemu kubwa inaondoka nchini ikiwa mbichi, haijakaangwa. Korosho yetu nayo, nyingi inapakiwa ghafi kwenda India na Vietnam, ikabanguliwe huko. Mchoro wa binti huyu, ukiwa wake kweli, ni bidhaa inayotoka Mtwara ikiwa imeiva. Kwa hiyo ninakasirika ninapoona kijana anachukua hata hiyo moja na kuijaza malighafi ya wengine.

MCHAPAJI: Haya. Lakini mimi nataka mwende haraka. Siku hizi kuna programu, unaandika maneno, inachora yenyewe.

MCHORAJI: Nimeijaribu, kaka. Niliandika birika la kahawa la pwani ya Afrika Mashariki. Ikaniletea lile la Waarabu wa Ghuba, lenye mdomo mrefu uliopinda, na ngamia wawili nyuma.

MZEE: Ngamia, Mikindani?

MCHORAJI: Nikasahihisha mara sita. Ngamia akaondoka, jangwa likabaki.

Tena kuna suala la haki. Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ilieleza wazi mwaka 2023 kwamba picha iliyotengenezwa na mashine pasipo ubunifu wa binadamu hailindwi. Atakayeichukua kesho na kuiweka dukani mwake hutakuwa na la kumfanya. Mchoro uliouchora kwa mkono wako ni wako tangu ulipoinua kalamu: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haikudai usajili kwanza. Na kwa kuwa Tanzania imo kwenye Mkataba wa Berne tangu 1994, mchoro uliozaliwa Mikindani unalindwa Berlin na Chicago vilevile. Sheria ya hakimiliki hulinda mchoro, wazo hailindi. Kuchora birika ni ruhusa kwa kila mtu. Kunakili birika alilochora mwenzako ni wizi. Vijana wengi wanapenda kulichukua kopo la Africafé la Bukoba, kwa kuwa kila nyumba inalijua, wakabadilisha herufi mbili na kuliita ubunifu. Kopo lile lina mwenyewe.

MWALIMU: Hata Lilanga ana mwenyewe. George Lilanga alizaliwa Masasi, mkoa huuhuu, akafariki 2005. Wale mashetani wake wenye masikio makubwa wamefika dunia nzima. Nimeona mtu kawachora wameshika vikombe vya kahawa.

MCHAPAJI: Huyo amemuenzi, Mwalimu.

MWALIMU: Kumuenzi ni kujifunza alivyokuwa akitazama. Huyo amechukua mkono wake.

Kimya kidogo. Mzee akamimina. Hapo ndipo binti alipoacha kuzungumza na kuanza kutazama, nami naomba tukae na alichokiona.

Birika la Mzee ni la shaba. Aliyekulia Lamu au Unguja angeliita dele. Yeye anasema birika. Limekaa juu ya jiko lake dogo la makaa, viwili vimeunganishwa kwa waya ili vibebeke kwa mkono mmoja. Nusu ya chini ni nyeusi kwa masizi. Nusu ya juu inang'aa pale tu mkono unapoligusa kila siku, kwingine imefifia na kuwa na rangi ya asali iliyokaa. Mdomo ni mfupi, umekatwa kama wa ndege. Kushoto, chini kidogo ya shingo, limebonyea: lilianguka zamani, likagongwagongwa kwa ndani, likakataa kurudi sawasawa. Mpini ulikatika, ukaungwa kwa bati. Kifuniko kimefungwa kwa mnyororo mwembamba usiolingana nacho, ulitoka kwenye kitu kingine.

MCHORAJI: Babu, hapa palipobonyea, nipachore?

MZEE: Usipopachora, hilo si birika langu.

MCHAPAJI: Ila kumbuka, dada, mtu ataiona picha kwenye simu, ukubwa wa ukucha wa dole gumba. Minyororo na masizi vitapotea vyote.

Na hapa Mchapaji alikuwa sahihi kuliko sisi sote. Miaka aliyokaa na fremu ya kuchapia imemfundisha kitu ambacho Mwalimu hakukifundisha. Umbo litambulike kwanza kwa kivuli chake, kama vile kichwa cha mtu kinavyotambulika gizani. Rangi zisizidi mbili au tatu. Mabango ya kale yalikuwa na rangi chache kwa sababu kila rangi ilikuwa gharama, na umasikini huo ndio uliozaa uzuri wake. Mstari mwembamba mno hufa ukichapwa kwenye pamba. Kitambaa cheusi hunywa kahawia, kwa hiyo chagua kati ya kitambaa na wino. Binti alichora mara tano pale pale, na katika ya tano bonyeo lilikuwa limekuwa mkunjo mmoja tu kwenye kivuli cha birika, lakini huwezi kulikosa.

MWALIMU: Sasa hiyo michubuko yako ya kompyuta iondoe.

MCHAPAJI: Ukiiondoa, uzamani umekwenda!

MWALIMU: Mwanangu, nilikufundisha kuchonga muhuri. Umesahau?

Dawa ya Mwalimu ni ya ajabu kwa urahisi wake. Chukua soli ya ndala iliyochoka. Chonga mchoro juu yake kwa wembe, umbo likiwa limegeuzwa. Paka wino, kandamiza kwenye karatasi. Wino hautashika sawa: pembeni utajaa, katikati utaacha vidoa vyeupe pale soli ilipoliwa na kisigino. Piga picha karatasi ile, ipeleke kwenye kompyuta, isafishe kiasi. Michubuko utakayoipata haina mwingine duniani, kwa sababu hakuna mwingine aliyeivaa ndala ile. Michubuko ya programu ni ileile kwa watu milioni, na jicho la mnunuzi, hata asipojua kusema, linaitambua.

Maneno ya kuandika kwenye fulana yalileta ugomvi mkubwa zaidi.

MCHAPAJI: Kiingereza. Mnunuzi asome.

MWALIMU: Kanga ina mji, ina pindo, ina jina. Jina ni Kiswahili, na watalii wanainunua hawajui hata neno moja. Pangeni fulana kama kanga: birika ndilo mji, pindo kulizunguka, na jina chini yake.

MCHAPAJI: Mwalimu, kanga ni kanga. Fulana lazima iseme na mvaaji.

MCHORAJI: Kaka, Hakuna Matata iliuzwa kwa sababu ilikuwa ya Kiingereza?

Swali hilo lilitosha, ila lina mkia mchungu ambao kila mchoraji wa fulana anapaswa kuujua. Filamu ya The Lion King, iliyoyaeneza maneno hayo, ilitoka 1994. Mwaka huohuo kampuni ya Disney iliomba kusajili maneno hayo Marekani, na mwaka 2003 ikapewa usajili, kwa ajili ya fulana. Mwaka 2018 mwanaharakati mmoja wa Zimbabwe alianzisha ombi la kupinga, likatiwa saini na makumi ya maelfu ya watu. Kampuni ilijibu kwamba usajili ule haujawahi kumzuia mtu kuyatumia. Sawa. Lakini maneno ambayo bibi zetu waliyasema bure yaliandikishwa kama alama ya biashara ya nguo, na hakuna Mswahili aliyekuwa mezani.

Ethiopia walikuwa mezani. Mwaka 2005 waliomba kusajili Marekani majina ya kahawa zao, Sidamo, Harar na Yirgacheffe. Wakavutana na kampuni ya Starbucks, na mwaka 2007 wakafikia makubaliano yaliyoyatambua majina yale. Simwambii binti wa Mikindani akasajili lugha. Namwambia achague maneno ya kijiweni mwake ambayo hayajawa bidhaa ya mtu, na ayaandike kwa herufi za kwao. Herufi hizo zipo: zimepakwa kwa brashi kwenye mbavu za mashua ufukweni.

Binti akafunua daftari. Yale aliyoyaandika tangu Mzee aliposema aulizwe saa yalikuwa maneno mawili matatu, mahali ambapo ingekaa tarehe: Baada ya Alasiri.

MZEE: Hapo sawa. Hiyo ni kweli kila siku.

MCHAPAJI: (akatazama muda mrefu) Inaweza kuuzika.

MZEE: Na likivaliwa huko Ujerumani, mimi mwenye birika napata nini?

Swali hili sheria hailijibu. Mzee hakulisanifu birika. Alilirithi kwa baba yake, na fundi aliyelifua hajulikani. Kisheria binti anaweza kunywa, kulipa kikombe chake na kuondoka na mchoro. Wengi hufanya hivyo, na wapiga picha walitutangulia. Mimi nasema si haki. Kilichofanya mchoro huu uwe tofauti na elfu nyingine ni bonyeo, na bonyeo lina mtu.

MCHORAJI: Babu, kila fulana kumi, mgawo wa moja ni wako.

MCHAPAJI: Dada, ya kwanza yenyewe inaweza kukaa mwaka mzima haijauzwa. Wengi hawauzi kabisa.

MZEE: Nitasubiri. Uso wangu lakini usiuchore. Birika peke yake. Na Mikindani iandike vizuri.

MCHORAJI: Na hili birika, Babu, utamwachia nani?

MZEE: Wanunuzi wa chuma chakavu wamekwishanijia mara tatu na mizani yao. Shaba inapanda bei. Mwenzangu wa kule Mtwara aliuza lake kwa kilo, sasa anachemshia kwenye birika la alumini.

MWALIMU: Nalo lilikuwa na mnyororo?

MZEE: Lilikuwa na maandishi ubavuni. Hakuna aliyeyanakili.

Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya Boma. Mzee akakusanya vikombe, akavisuuza kwenye ndoo, akaning'iniza jiko mkononi.

Nawaomba ninyi mnaosoma, wa Mikindani, Msimbati, Lindi, Kilwa na popote penye birika la namna hii nyumbani: kabla ya mizani kufika, lipigeni picha pande zote nne, nakilini kilichoandikwa ubavuni, na andikeni lilikuwa la nani na lilibonyea vipi. Kisha mwiteni kijana wenu anayechora.